Jezi nambari 42 na nyakati zisizosahaulika za besiboli

MNAMO mwaka wa 1959, barua ya kuomba msaada ilisambazwa kote nchini Marekani. Iliwasihi wananchi wa nchi hiyo wachange fedha za kuwasafirisha vijana wa Kenya waliokuwa wamepata nafasi katika vyuo vya huko lakini hawakuwa na nauli. Mpango wenyewe ulikuwa wa Tom Mboya, na mnamo Septemba mwaka huo ndege iliyowabeba wanafunzi 81 ilitua New York. Safari zilizofuata ndizo zilizompeleka Kansas, mwaka wa 1960, msichana aliyeitwa Wangari, ambaye ulimwengu ulikuja kumjua kama Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka wa 2004.

Barua hiyo ilitiwa saini na watu watatu mashuhuri. Wa kwanza ni Harry Belafonte, mwimbaji aliyependwa sana Afrika Mashariki. Wa pili ni Sidney Poitier, mwigizaji wa filamu. Wa tatu ni Jackie Robinson, na hapa ndipo wasomaji wengi wa Kiswahili hukwama, kwa kuwa Robinson hakuwa mwimbaji wala mwigizaji. Alikuwa mchezaji wa besiboli, mchezo ambao humu nchini una wafuasi wachache mno. Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba kwa miaka mingi, taarifa za besiboli zilipofika kwenye meza ya uhariri kutoka kwa mashirika ya habari ya kigeni, ndizo zilizokuwa za kwanza kutupwa kapuni nafasi ilipokuwa finyu.

Haikuwa haki kuzitupa zote. Historia ya besiboli ya kulipwa ina nyakati ambazo hata asiyejua tofauti ya gongo na glavu atazielewa barabara, maana zinahusu jambo tunalolijua vyema: nani anaruhusiwa kuingia ugani, na nani anaachwa nje ya ua akichungulia.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Aliyewahi kutazama kriketi katika viwanja vya Nairobi au Mombasa hatapata taabu kuelewa besiboli. Ni timu mbili za wachezaji tisa kila upande. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uga na kumrushia mpira mpigaji, aliye umbali wa mita 18 hivi akiwa ameshika gongo la mbao la mviringo. Mpigaji akiupata mpira vizuri hukimbia kuelekea kituo cha kwanza, kisha cha pili, cha tatu, na hatimaye kurudi nyumbani alikoanzia. Akifika nyumbani salama, timu yake hupata pointi moja. Akiupiga mpira ukavuka ua wa mwisho wa uwanja, huzunguka vituo vyote bila kusumbuliwa na mtu. Pigo hilo huitwa homurani, na ndilo hushangiliwa kuliko mengine yote.

Mpigaji aliyekosa mara tatu hutolewa. Wakitolewa watatu, timu hubadilishana zamu. Awamu ni tisa, na mechi haiishi kwa saa ya mwamuzi kama kandanda. Kwa kawaida huisha mtu wa mwisho anapotolewa. Kwa sababu hiyo timu iliyo nyuma huwa na matumaini hadi mpira wa mwisho.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba besiboli huhesabu kila kitu. Tangu Ligi ya Kitaifa ilipoundwa mwaka wa 1876, kila mpira uliopigwa au kukoswa umeandikwa daftarini. Mashabiki wa Marekani huzijua takwimu hizo kama wazee wa kwetu wanavyojua nasaba za koo zao. Hata hivyo, daftari hilo lilikuwa na kurasa zilizong'olewa.

Kabla ya 1947

Fainali za mwaka, ziitwazo World Series, zilianza mwaka wa 1903. Wachezaji wanane wa Chicago White Sox walishtakiwa kwa kushirikiana na wacheza kamari ili timu yao ishindwe na Cincinnati Reds katika fainali ya 1919. Mahakama iliwaachilia mwaka wa 1921, lakini jaji Kenesaw Mountain Landis, aliyekuwa ameteuliwa kuwa kamishna wa mchezo huo, aliwapiga marufuku ya maisha. Alisifiwa kwa kuusafisha mchezo. Landis aliushikilia wadhifa huo hadi alipofariki mwaka wa 1944, na katika muda huo wote hakuna mchezaji Mweusi hata mmoja aliyekanyaga uwanja wa ligi kuu. Usafi wake ulikuwa na mipaka.

Zama hizo ndizo za Babe Ruth, jitu la New York Yankees lililopiga homurani 60 mwaka wa 1927 na kustaafu mwaka wa 1935 likiwa na 714. Inasimuliwa kwamba katika fainali ya 1932, pale Chicago, Ruth alinyoosha kidole kuonyesha mahali atakapoutuma mpira, kisha akautuma huko huko. Kuna picha za filamu za tukio hilo, na hadi leo watu huzitazama na kubishana kama alikuwa akionyesha ua au akiwakemea wapinzani. Mwenzake katika timu, Lou Gehrig, alicheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja hadi maradhi ya mishipa ya fahamu yalipomkaba. Tarehe 4 Julai, 1939, aliwaaga mashabiki katika Uwanja wa Yankee, akijihesabu kuwa mwenye bahati ilhali mwili ulikuwa tayari umeanza kumsaliti. Alifariki mwaka wa 1941 akiwa na umri wa miaka 37. Rekodi yake ilisimama hadi Septemba 6, 1995, ilipovunjwa na Cal Ripken wa Baltimore Orioles.

Yote hayo ni makubwa. Lakini ikumbukwe kwamba Ruth hakuwahi kukabiliana na mrushaji Mweusi katika mechi ya ligi kuu. Moses Fleetwood Walker, Mmarekani Mweusi, alichezea Toledo katika ligi kuu mwaka wa 1884, kisha mlango ukafungwa. Ligi kuu haikuwa na sheria iliyoandikwa ya kuwazuia watu wa rangi yake. Wenye timu walikubaliana kimyakimya, na makubaliano ya aina hiyo ni magumu kuyavunja kwa kuwa hakuna karatasi ya kuchana. Wachezaji Weusi walianzisha ligi zao wenyewe, ya kwanza iliyodumu ikiundwa na Rube Foster mwaka wa 1920. Huko ndiko alikovuma Josh Gibson, mpigaji ambaye waliomwona walimlinganisha na Ruth. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35 tu, miezi mitatu kabla ya mlango kufunguliwa.

Aprili 15, 1947

Aliyeufungua ni Jack Roosevelt Robinson, mzaliwa wa Georgia aliyelelewa California. Katika chuo kikuu cha UCLA aliiwakilisha taasisi hiyo katika michezo minne. Akiwa luteni wa jeshi mwaka wa 1944 alikataa kuhamia viti vya nyuma vya basi, akafikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kuachiliwa.

Mtu mwenye ulimi na mori kama huo ndiye aliyeitwa Agosti 1945 na Branch Rickey, rais wa klabu ya Brooklyn Dodgers. Katika kikao cha saa kadhaa, Rickey alimtukana kwa makusudi, akiigiza mashabiki, wapinzani na wahudumu wa hoteli watakaomkataa, ili aone kama atavumilia. Alichotaka ni mtu mwenye ujasiri wa kutolipiza kisasi. Robinson alikubali. Msimu wa 1946 aliucheza Montreal, Canada, na mwaka uliofuata akapandishwa hadi Brooklyn.

Siku yenyewe, Jumanne, watazamaji zaidi ya 25,000 walifika katika uwanja wa Ebbets Field, inakadiriwa zaidi ya nusu yao wakiwa Weusi. Robinson, mwenye umri wa miaka 28, alilinda kituo cha kwanza dhidi ya Boston Braves akiwa amevaa jezi nambari 42. Na hapa ndipo daftari la takwimu linapofichua upungufu wake, kwani ukilisoma utaona kwamba hakupata pigo hata moja siku hiyo. Katika awamu ya saba aliugusa mpira kwa gongo kwa upole, akakimbia, wapinzani wakakosea kuurusha, naye akaja kuzunguka hadi nyumbani na kuiweka timu yake mbele. Dodgers walishinda 5-3.

Yaliyofuata hayakuwa ya upole. Wiki hiyo iliyofuata, timu ya Philadelphia Phillies ilipozuru Brooklyn, kocha wake Ben Chapman aliwaongoza wachezaji wake kumporomoshea Robinson matusi ya rangi ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapisha. Robinson alikiri baadaye kwamba siku hiyo nusura avunje ahadi aliyompa Rickey. Hakuivunja. Matusi yenyewe yaliishia kuwafanya hata wenzake waliokuwa baridi kwake wasimame upande wake.

Husimuliwa pia kwamba nahodha wa timu, Pee Wee Reese, mzungu kutoka jimbo la kusini la Kentucky, alimwendea Robinson ugani mbele ya umati uliokuwa ukizomea na kumwekea mkono begani. Sanamu ya wawili hao katika hali hiyo ilizinduliwa Brooklyn mwaka wa 2005. Wanahistoria wanatofautiana kuhusu mwaka na mahali, na wapo wanaotilia shaka tukio zima. Ndiyo maana neno "husimuliwa" limetangulia sentensi hiyo. Urafiki wa wawili hao haukuwa na shaka.

Mwisho wa msimu, Robinson alituzwa kuwa mchezaji mpya bora. Julai mwaka huo huo Larry Doby alikuwa amejiunga na Cleveland na kuwa Mweusi wa kwanza katika Ligi ya Marekani, akipitia mateso yale yale bila kupata hata robo ya sifa. Wa pili husahaulika upesi.

Miaka kumi ya vivumbi

Robinson alikaa ligi kuu misimu kumi tu, lakini ni kana kwamba historia ilikuwa ikimfuata. Oktoba 3, 1951, Dodgers walikuwa wakimenyana na watani wao New York Giants kuamua bingwa wa Ligi ya Kitaifa. Mwezi Agosti Giants walikuwa nyuma kwa mechi 13 na nusu. Wakajikokota hadi wakawafikia. Katika awamu ya tisa Dodgers walikuwa mbele 4-2. Ndipo Bobby Thomson akaupiga mpira wa Ralph Branca ukavuka ua wa kushoto, watu watatu wakarudi nyumbani, na mechi ikaisha 5-4. Uwanja ulifurika mashabiki waliorukwa na akili. Wachezaji wa Dodgers walishika njia kuondoka wakiwa wameinamisha vichwa, isipokuwa mmoja. Robinson alibaki amesimama, akimkodolea Thomson macho kuhakikisha kwamba amekanyaga kila kituo. Kama angeruka hata kimoja, pigo lingebatilishwa.

Miaka 50 baadaye, mwaka wa 2001, gazeti la Wall Street Journal lilichapisha ushahidi kwamba Giants walikuwa wameficha darubini uwanjani mwao wakiiba ishara za wapinzani. Thomson alikana kwamba alijulishwa mpira uliokuwa ukija. Branca aliishi na fedheha hiyo nusu karne kabla ya umma kujua kwamba huenda mchuano haukuwa wa haki.

Mwaka wa 1955 Dodgers walikutana tena na Yankees, ambao walikuwa wamewashinda katika fainali tano zilizotangulia walizokutana. Katika mechi ya kwanza Robinson, sasa akiwa na miaka 36 na nywele zikianza kuota mvi, alitoka mbio kituo cha tatu wakati mrushaji akijiandaa, akateleza hadi nyumbani na mwamuzi akaamua kuwa amefika salama. Mdakaji wa Yankees, Yogi Berra, aliruka kwa hasira na kubisha, na alishikilia hadi kifo chake kwamba Robinson alikuwa ametolewa. Dodgers walipoteza mechi hiyo lakini wakatwaa taji baada ya mechi saba, la kwanza katika historia yao.

Mwaka uliofuata walirudi, na tarehe 8 Oktoba wakakutana na Don Larsen. Mrushaji huyo wa Yankees, ambaye hakuwa na sifa kubwa, aliwatoa wapigaji 27 mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Huo huitwa mchezo kamili, na hadi leo haujatokea mwingine katika World Series. Robinson alikuwa mmoja wa waliotolewa: katika awamu ya pili aliupiga mpira kwa nguvu, ukagonga mlinzi mmoja na kumfikia mwingine, aliyeurusha kituo cha kwanza kabla hajawasili. Ulikuwa msimu wake wa mwisho. Dodgers walimuuza kwa Giants, mahasimu wao, naye akachagua kustaafu.

Barua za Aaron

Ukimuuliza mwandishi huyu ni wakati upi unaomgusa zaidi baada ya ule wa 1947, atataja Aprili 8, 1974, mjini Atlanta. Hank Aaron, mzaliwa wa Mobile, Alabama, aliyewahi kuchezea Indianapolis Clowns katika ligi za Weusi, alikuwa amemaliza msimu wa 1973 akiwa na homurani 713, moja tu pungufu ya 714 za Ruth. Majira yote ya baridi alilazimika kungoja, na majira hayo yote barua zilimiminika. Mwaka wa 1973 alipokea barua zinazokadiriwa kufikia 930,000. Nyingi zilimpongeza. Nyingine zilimwambia kwamba Mweusi akithubutu kumpita Ruth atauawa. Alilindwa na afisa wa polisi, na alizihifadhi barua hizo za chuki kwa miaka mingi ili asisahau.

Usiku huo, mbele ya mashabiki 53,775, Aaron aliupiga mpira wa Al Downing wa Dodgers ukavuka ua. Alipokuwa akizunguka vituo, vijana wawili wazungu waliruka kutoka jukwaani na kumkimbilia. Kwa sekunde chache hakuna aliyejua nia yao. Walimpigapiga begani kumpongeza. Nyumbani alimkuta mama yake mzazi, aliyemkumbatia kwa nguvu asitake kumwachilia. Mtangazaji Vin Scully alinyamaza kwa muda mrefu akauacha umati useme, kisha akawakumbusha wasikilizaji kwamba Mtu Mweusi alikuwa akishangiliwa na watu waliosimama wima katika eneo la kusini kabisa la Marekani.

Aaron alistaafu na homurani 755. Barry Bonds alimpita Agosti 7, 2007, lakini tuhuma za dawa za kututumua misuli zimeifanya rekodi hiyo isemwe kwa sauti ya chini. Alipofariki Januari 2021, akiwa na miaka 86, wapo wengi waliomwita mfalme halali.

Robinson hakuushuhudia usiku wa Atlanta. Alikuwa amefariki Oktoba 24, 1972, akiwa na miaka 53, karibu kipofu kwa sababu ya kisukari. Mwaka huo ulifungwa kwa msiba mwingine. Roberto Clemente wa Pittsburgh Pirates, mzaliwa wa Puerto Rico, alikuwa amefikisha mapigo 3,000 mnamo Septemba 30. Desemba, tetemeko la ardhi lilipoharibu Managua, Nicaragua, alikusanya misaada; na aliposikia kwamba shehena za awali zilikuwa zikiporwa, aliamua kuisindikiza mwenyewe. Ndege ilianguka baharini usiku wa mkesha wa mwaka mpya. Mwili wake haukupatikana. Pigo lile la Septemba likabaki kuwa la mwisho kwake katika msimu wa kawaida, na hesabu yake ikakomea 3,000 kamili.

Daftari linarekebishwa

Aprili 15, 1997, nusu karne tangu siku ile ya Brooklyn, ligi kuu ilitangaza kwamba hakuna timu yoyote itakayompa mchezaji mpya jezi nambari 42. Mariano Rivera wa Yankees, aliyekuwa akiivaa tayari, ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alistaafu mwaka wa 2013. Lakini kila mwaka ifikapo tarehe hiyo, wachezaji wote wa timu zote huvaa 42, na watoto viwanjani hushindwa kujua nani ni nani.

Marekebisho ya daftari lenyewe yalichukua muda mrefu zaidi. Desemba 2020 ligi saba za Weusi zilizochezwa kati ya 1920 na 1948 zilitambuliwa rasmi kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zake zikaunganishwa na nyinginezo. Siku hiyo Josh Gibson, aliyekuwa kaburini kwa miaka 77, alipanda kileleni mwa orodha ya wastani wa upigaji wa muda wote kwa .372, akimpita Ty Cobb mwenye .367. Wapo waliolalamika kwamba mechi za ligi hizo zilikuwa chache. Ni kweli zilikuwa chache. Gibson si aliyezipunguza.

Afrika nayo imeanza kuandikwa. Mwaka wa 2011 watoto kutoka Kampala, Uganda, walifuzu kwa mashindano ya dunia ya besiboli ya chipukizi huko Williamsport, Pennsylvania, lakini wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafika na kuwa ya kwanza kutoka bara hili. Aprili 26, 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyelelewa ndani ya jengo la klabu ya besiboli ya Randburg alikofanya kazi mama yake, aliingia ugani akiwa na Pittsburgh Pirates, klabu ya Clemente. Hakuna aliyezaliwa na kukulia Afrika aliyewahi kufika ligi kuu kabla yake. Mrushaji aliyemkabili alikuwa Jon Lester wa Chicago Cubs, mmoja wa wakali wa zama hizo. Ngoepe aliupiga mpira ukapita katikati ya uga, akafika kituo cha kwanza, akasimama hapo wenzake wakimshangilia kutoka bendi ya akiba. Lilikuwa jaribio lake la kwanza kabisa.